Pindo

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina.
Mji ni pale katikati, penye korosho au waridi,
na pindo huuzunguka mji usimwagike.
Haya nayajua kwa mikono:
miaka kumi na tisa barazani, Mtaa wa Mchikichi,
cherehani ya miguu, kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya,
doti moja, ncha nne, shilingi elfu.

Mwaka ule wa mvua nyingi
alikuja Bi Shangwe wa Buguruni.
"Fundi, usinipindie. Unakula kitambaa.
Kila ukikunja, vidole viwili vinakwenda.
Mimi nataka kanga yangu yote."
Nikampa yote.
Wiki ya tatu akairudisha ndani ya mfuko wa rambo,
nyuzi zimefumuka, zimevuka pindo, zimeingia mjini,
herufi ya kwanza ya jina inaning'inia.
Aliogopa kupoteza vidole viwili,
alipoteza shubiri nzima.
Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Mimi mwenyewe mwaka huohuo
nilikuwa sijapindwa.

Kulikuwa na mteja. Jina lake nalihifadhi.
Doti aliikata nyumbani
ili alete kanga moja moja, aje mara mbili.
Simu ikaanza kuita saa tatu, saa nne, saa tano,
nami natoka kuipokea karibu na tangi la maji,
nikirudi namwambia Nakijwa, ni mtu wa vifungo.
Nakijwa haulizi.
Anakunja nguo za watoto,
anakunja tena zilizokwisha kukunjwa.

Ijumaa moja simu ikasema:
niletee mwenyewe, Magomeni Mikumi, mlango wa bluu.
Nikaoga.
Nikavaa shati nililovaa siku ya kipaimara cha mwanangu.
Nikasimama kizingitini. Ndani redio, harufu ya udi,
kanga mkononi imepigwa pasi,
na macho yakaangukia jina lake,
nililolipitisha chini ya sindano asubuhi bila kulisoma:
NILIPOFIKA PANATOSHA.

Sikusikia sauti.
Wengine kanisani husimulia sauti;
mimi nilisikia jenereta la jirani.
Nikaitundika kanga kwenye kitasa,
nikavuka Jangwani kwa miguu, matope hadi kwenye pindo za suruali.
Sikushinda kitu. Niligeuka tu.

Nyumbani nikasema gizani,
"Hakuwa mtu wa vifungo."
Nakijwa akanyamaza mpaka adhana ya alfajiri.
Kisha akasema, "Najua,"
akaenda kuwasha jiko.

Zamani nilidhani amri ni ukuta,
kama zile kuta za Masaki zenye chupa zilizovunjwa juu,
Mungu akiwa mlinzi mwenye rungu,
na muziki wote uko upande wa pili.
Siku hizi nakunja kitambaa mara mbili, nakipitisha,
na ninaona jambo ambalo miaka yote lilikuwa mbele ya pua yangu:
kile ninachokikunja hakitupwi.
Kimo. Kimeingia ndani, hakionekani,
nacho ndicho kinachoshika kilichobaki.

Bwana naye amenikunja.
Amechukua Jumapili, duka limefungwa na Kariakoo inauza.
Amechukua ulimi wangu kwa habari za watu.
Amechukua simu baada ya saa tatu.
Vidole viwili huku, viwili kule,
na siku nyingine, sifichi, nauma meno,
navuta uzi nione kama utakatika.

Ila mji wangu umetulia.
Watoto wanalala. Jina langu linasomeka.

Nakijwa bado hutazama simu ikiita.
Naiacha mezani, uso juu, aitazame.
Mshono mpya haukazwi kwa maneno.
Unafuliwa, unaanikwa,
unafuliwa tena.